Jungu la mama, kilo zangu

Makala nyingi za kupunguza uzito ninazosoma mtandaoni zimeandikwa kama vile kila mtu anaishi peke yake, ana friji yake na sufuria yake, akiamua leo anakula parachichi na yai la kuchemsha basi imeisha hiyo, hakuna wa kumuuliza. Mi naishi Tabata, nyumba ya watu watano, mama yangu mzazi, wanangu wawili, mdogo wangu wa kiume na mimi, jungu ni moja na anayeshika mwiko ni mama. Kwahiyo kuamua niliamua jioni moja tu, ila kazi yenyewe ilikuwa kwa mama, na hiyo ndo nataka niandike leo, maana kuna dada zangu wengi wanakwamia hapohapo afu wanaambiwa hawana nia, na wenyewe wanaanza kuamini, wakati nia wanayo kabisa.

Sababu yangu haikuwa urembo. Baba yetu aliondoka na kisukari, kilianza na kidonda kidogo mguuni kilichogoma kupona, na sisi watoto tumeishi na ile picha miaka yote. Sasa mwaka jana kanisani kwetu wakaja wahudumu wa afya kupima watu bure baada ya misa ya kwanza, nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu usiku, nikachomwa kidole, kikasoma 6.4. Nesi akanielewesha taratibu kwamba ukipima kabla ya kula ikafika 7 kwenda juu hiyo ni ya kisukari, inabidi irudiwe kuthibitisha, na kuanzia 6.1 mpaka 6.9 uko mpakani, hujaugua ila mwili umeanza kuelemewa na sukari. Akanipandisha kwenye mzani, kilo 88. Presha ilikuwa sawa.

Nikaenda kusoma. Kuna utafiti mkubwa ulitoka Marekani mwaka 2002, walichukua watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao imeshapanda ila hawajawa wagonjwa, kundi moja likapewa vidonge vya metformin, dawa ya kushusha sukari, lingine vidonge visivyo na dawa, na la tatu likafundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi ya angalau dakika 150 kwa wiki, lengo wapungue asilimia 7 ya uzito wao. Kundi la chakula na mazoezi uwezekano wa kupata kisukari ulishuka kwa asilimia 58, la metformin asilimia 31. Nilisoma hapo nikarudia tena. Asilimia 7 ya kilo 88 ni kilo 6 na kidogo. Hakuna aliyesema nirudi kwenye mwili niliokuwa nao shuleni, hakuna aliyesema niwe kama wale wa kwenye picha, ni kilo 6 tu zikae nje ya mwili na zisirudi. Yani hilo ndo jambo natamani kila mtu anayeambiwa yuko mpakani aambiwe siku hiyohiyo, maana wengi wanatoka pale na hofu tupu.

Ila kilo peke yake haisemi yote. Fundi wangu wa nguo yuko Buguruni, ana daftari kubwa la jalada gumu, kila mteja ana ukurasa wake, na vipimo vya zamani havifuti, anapiga mstari juu yake na kuandika vipya chini. Nilipopeleka kitenge cha sare ya harusi ya binamu yangu nikamwomba anionyeshe ukurasa wangu. Kiuno inchi 31, kimepigwa mstari, 33, mstari, 36, mstari, afu akanizungushia futi kamba palepale, akaandika 39. Miaka yote hiyo imepita na mi nyumbani nashinda na dera, kazini navaa gauni za kulegea, na dera halijawahi kumbana mtu, linakupokea ulivyo. Shirika la Afya Duniani linasema kwa mwanamke hatari inaanza kuongezeka kiuno kikipita sentimita 80, hiyo ni kama inchi 31 na nusu, na inakuwa kubwa zaidi ukipita 88, kama inchi 35, kwasababu mafuta ya tumboni yanakaa karibu na ini na utumbo na ndo yanayovuruga kazi ya insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, tofauti na ya mapajani au ya makalio ambayo hayana shida kubwa hivyo. Kwahiyo dada yangu kama huna mzani nyumbani usihangaike kununua, futi ya fundi inatosha, pima juu ya kitovu kidogo, pumua kawaida, usivute tumbo.

Sasa mama.

Wiki za kwanza nilikuwa napakua ugali kidogo, najaza mboga, naweka kipande cha samaki, mama anaangalia tu. Nikiinuka kunawa nikirudi nakuta tonge kubwa limeongezwa kwenye sahani. Chai ikija imeshatiwa sukari. Nikisema mama nimeshiba, anasema umekula nini mpaka umeshiba. Ikaendelea hivyo mpaka siku moja tuko wawili jikoni tunachambua matembele, akaniuliza bila kuniangalia, "Mwanangu, umepima?" Nikamwambia mama si nilikueleza, sukari 6.4. Akasema, "Siulizi sukari."

Nikaelewa palepale. Mama yangu ni wa Bukoba, kijiji chetu kiko upande wa Kashozi, na wagonjwa wa kwanza wa ukimwi Tanzania walitangazwa huko Kagera mwaka 1983, wakati mama ni binti. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu walikuwa wanauita ugonjwa ule Slim, yani mwembamba, kwasababu ya jinsi ulivyokuwa unamaliza nyama ya mtu. Mama alizika dada zake wawili na kaka yake mmoja kabla dawa za kufubaza hazijaanza kutolewa bure nchini, hiyo ni 2004, wote walianza kwa kulegea nguo. Ananiambia alikuwa anajua kabla ya kuambiwa, anaangalia shingo ya mtu na mifupa ya bega basi. Kuna nyumba pale kijijini zilibaki na bibi na wajukuu tu. Sasa mtu aliyepita hapo, anamwona bintiye mkubwa anaacha kumaliza sahani, gauni linaanza kupwaya, unategemea akae kimya? Kwake yeye mwili mkubwa ni mwili ulio hai. Na sio mama peke yake, rika lake lote, na sisi tuliolelewa nao tumerithi, ndo maana mtu akikutana na wewe mjini akikuta umejaa anakwambia maisha yamekukubali, akikuta umepungua anashusha sauti anauliza vipi, unaumwa?

Siku hizi naona vijana wanawashambulia sana wazazi kwa hili, wanasema wazee wetu hawaelewi mambo ya afya. Mi siwezi kukubaliana nao. Mama anaelewa sana, ni kwamba anaelewa kifo kingine. Kwahiyo nilimchukua Jumatatu moja tukaenda wote zahanati, nikapima mbele yake vyote, cha HIV, sukari, presha, na yeye nikaomba apimwe. Cha HIV kikatoka salama, akakiangalia kile kipimo mwenyewe, akamuuliza mhudumu mara mbili. Afu mhudumu akakaa naye akamweleza habari ya baba, kwamba kile kidonda kilianzia mbali, kilianzia miaka mingi kabla, kwenye sukari ambayo haikuonekana kwa macho, na kwamba binti yako yuko pale baba yake alipokuwa zamani ila yeye amewahi kujua. Presha ya mama yenyewe ilikuwa juu, 158 kwa 94. Tukarudi na daladala hajasema kitu mpaka Tabata Bima, ndo akasema, "Haya, niambie nipunguze nini."

Kuanzia hapo ndo naweza kusema nilianza kupungua.

Tulianza na mafuta, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri maana naona watu wanapigana na ugali wakati adui yuko kwenye chupa. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Kwetu chupa ya lita 3 ilikuwa inakwisha kama wiki mbili. Piga hesabu, watu watano, kila mtu kwa siku anapata karibu mililita 43, hivyo ni kama vijiko vitatu vya chakula, karibu kalori 350, na hakuna mtu aliyekula hayo mafuta akasema leo nimekula mafuta, yako ndani ya mchicha, ndani ya maharage, ndani ya wali. Mama alifundishwa kwamba mchuzi usioelea mafuta ni wa nyumba yenye dhiki, mgeni akija akakuta umekauka ataenda kusema, kwahiyo alikuwa anamimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa, anapima kwa jicho. Hatukubishana, tuliweka kijiko cha chakula kwenye ndoano karibu na jiko, na tarehe tukawa tunaiandika kwenye chupa kwa kalamu ya wino mzito siku ya kuifungua. Hiyo tu. Kwenye maharage ya nazi akaanza kukata tui la kwanza, anatumia la pili na kitunguu kingi na karoti, na kusema ukweli yana ladha zaidi ya yale ya zamani. Samaki akahamia kwenye mkaa badala ya karai. Chupa sa hivi inakaribia mwezi.

Afu sukari. Mi nilikuwa nakunywa chai vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, gramu kama 36 hizo, na mchana soda moja kazini, chupa ya mililita 350 inabeba sukari gramu 35 au zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu unayokula kwa siku, kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, na ikishuka mpaka 25 ni bora zaidi. Mi nilikuwa kwenye 70 na kitu kabla sijagusa andazi. Soda niliacha moja kwa moja, maji tu, na chai nikashuka kijiko kimoja kimoja, mama akanisaidia kwa kutia tangawizi na mchaichai mpaka ulimi ukazoea. Watoto hawajawahi hata kulalamika, watoto wanazoea haraka kuliko sisi.

Kuhusu ugali, wengi wanaambiwa hamia dona utapungua. Dona na sembe kalori zake zimekaribiana sana, tofauti ni kwamba dona halijakobolewa, lina pumba na kiini, nyuzinyuzi zake zinakushibisha mapema na sukari inapanda taratibu. Ukila dona sahani nzima kama ulivyokuwa unakula sembe hutaona kitu. Kinachosaidia ni kubadilisha ukubwa, mboga ya majani ichukue nusu ya sahani, ugali au wali robo, na robo nyingine samaki, dagaa, maharage, kunde, choroko, chochote chenye protini maana hicho ndo kinakutunza usihisi njaa saa kumi jioni ukakimbilia chipsi mayai. Nawasifu sana dagaa wa Bukoba, wakiloweshwa wakaondolewa mchanga, wakachemshwa na nyanya na ndimu, ni chakula kizuri na mtu wa kipato chochote anamudu. Na tulihamisha chakula cha usiku kutoka saa tatu kwenda saa moja, hii ilimpendeza mama kuliko zote kwasababu anawahi tamthilia yake akiwa ameshamaliza jikoni.

Mazoezi sasa. Nataka niwe mkweli kwenu kwamba mazoezi peke yake yasingenipunguza. Mtu wa kilo 88 akitembea haraka nusu saa anachoma kalori kama 150 hivi, na chapati moja ya mtaani iliyonona inaweza kufika 250 au 300. Huwezi kuikimbia chapati. Lakini misuli inapofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, na ukipungua kwa kula kidogo tu bila mazoezi unapoteza na misuli pia, kwahiyo vinahitajiana.

Mimi natunza hesabu kwenye duka la jumla Kariakoo. Daladala za Segerea zinapita Buguruni zinashika barabara ya Uhuru, Malapa, Ilala Boma, Karume, mpaka Kariakoo, na kutoka Ilala Boma mpaka dukani kwetu ni mwendo wa nusu saa kama hujachelewa. Nikaanza kumwambia konda nishushe Boma. Asubuhi Uhuru kuna kivuli upande mmoja, wauza vitafunwa wanapanga meza, mikokoteni ya nyanya inatoka, unatembea na raba, viatu vya kazi viko kwenye mfuko. Nusu saa mara tano kwa wiki ndo zile dakika 150 za kwenye utafiti, na sijalipa gym hata shilingi. Na jioni baada ya kula nazunguka mtaani na mama, taratibu, dakika kumi au kumi na tano, kutembea baada ya chakula kunashusha ile sukari inayopanda ukishakula, na presha yake nayo inafaidika.

Jumapili alfajiri niko na jogging ya mtaa. Ambao hamuijui Dar labda niwaeleze, kata nyingi zina klabu zao za jogging, hasa huku kwetu Ilala na kule Temeke, watu wanakutana bado giza, fulana za rangi moja, mmoja anaimbisha wengine wanaitikia, vijana wawili mbele na wawili nyuma wanazuia magari, mchakamchaka kama wa shule ya msingi. Nilikuwa nadhani ni ya vijana wembamba. Nikakuta kuna mama wa miaka sitini anakwenda na khanga kiunoni, kuna wanaotembea nyuma kabisa na hawaachwi, kiongozi anarudi kuwafuata. Na sio kukimbia tu, mwanachama akifiwa tunachanga, akilazwa tunaenda kumwona, kuna siku tunafagia mitaro. Desemba 2016 Mama Samia, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, ikatangazwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi nchi nzima, na ni jambo zuri, ila niwaambie kilichonishika mimi ni hawa watu wa mtaani wanaonigongea geti saa kumi na moja na nusu nisipotokea.

Kuna kitu kinaniumiza na lazima nikiseme. Tangu nianze kupungua napokea meseji za watu wanaotaka kuniuzia au kuniuliza chai ya kupunguza tumbo, unga wa kuchanganya, kilo 5 kwa wiki moja. Nyingi ya hizo chai zina sena, na sena ni dawa ya kuharisha. Kuharisha sio kupungua. Na hata hizo kilo za wiki ya kwanza ukiacha wanga ghafla, nyingi ni maji, kwasababu mwili unahifadhi wanga kwenye ini na misuli ukiwa umeshikana na maji mara tatu ya uzito wake, ukiutumia ule wanga na maji yanatoka, ukila tena yanarudi. Dada anatoa hela ya ada ya mtoto ananunua maji ya mwili wake mwenyewe. Halafu uzito ukirudi anajilaumu yeye, muuzaji yuko salama. Inaniuma sana kwasababu wateja wao wakubwa ni sisi wanawake na tuko wengi, utafiti wa taifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 28 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi.

Maneno ya watu yapo bado. Kazini wameniuliza kama nina matatizo ya nyumbani. Shangazi alipiga simu kutoka Mwanza baada ya kuona picha ya harusi, akataka kuongea na mama sio na mimi. Nikampa simu. Mama akamwambia, "Tumepima wote, mzima kabisa, hata mimi nakula hivyo hivyo, na wewe nenda kapime." Kwakweli hakuna ambalo ningesema mimi lingefika kama hilo.

Sukari yangu ya mwisho ilikuwa 5.5. Kilo ziko 81, zimekaa hapo muda sasa hazishuki na nimeshakubali, fundi ameandika 36. Mama yuko kwenye dawa ya presha na chumvi tumepunguza, lengo ni isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, hiyo bado inatusumbua kwasababu ya dagaa wa chumvi anaowapenda. Desemba tunaenda Bukoba wote, na huko hakuna kijiko kwenye ndoano, ni msimu wa senene, ndizi zinapikwa sufuria ya ukoo mzima na kila nyumba utakayoingia lazima ule. Mama ameshasema yeye ndo atakaa jikoni na wifi zake, na asubuhi tutapanda ule mlima mpaka kanisani kwa miguu, pikipiki tutaacha.